Uzalishaji wa vizio vya karanga kwa bakteria

Uzalishaji wa vizio vya karanga kwa bakteria ni mbinu ya bioteknolojia ambayo jeni ya protini ya karanga huingizwa ndani ya bakteria, kwa kawaida *Escherichia coli*, ili bakteria huyo aitengeneze protini hiyo kwa wingi. Kizio (wingi: vizio) ni kitu, mara nyingi protini, kinachoamsha mzio kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imekichukulia kuwa adui. Protini zinazopatikana kwa njia hii si chakula. Hutumika katika kupima mzio, katika utafiti na katika kutafuta tiba.

Mbinu hii ina umuhimu wa pekee kwa Afrika Mashariki, ambako karanga huliwa na watu wengi na maradhi ya minyoo, hasa kichocho, bado ni ya kawaida. Mtu mwenye kichocho anaweza kuwa na kingamwili zinazonasa protini za karanga ingawa anakula karanga bila madhara yoyote. Chanzo kikubwa ni sukari zilizobandikwa juu ya baadhi ya protini za mmea, ambazo zinafanana na sukari za mnyoo. *E. coli* wa kawaida wa maabara habandiki sukari hizo. Kwa hiyo protini aliyoitengeneza husaidia kutenganisha mzio wa kweli na jibu la kipimo linalopotosha.

## Karanga na vizio vyake

Karanga (*Arachis hypogaea*), ambayo nchini Kenya huitwa pia njugu, ni mmea wa jamii ya kunde wenye asili ya Amerika Kusini. Takriban robo ya uzito wa mbegu yake ni protini. Sehemu kubwa ya protini hizo ni za akiba: mmea mchanga huzitumia unapoota. Protini hizohizo za akiba ndizo vizio vikuu.

Vizio hupewa majina kwa utaratibu wa kimataifa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na muungano wa vyama vya elimu ya kinga. Huchukuliwa herufi tatu za kwanza za jenasi, herufi ya kwanza ya spishi, kisha namba. Ndiyo maana vizio vya *Arachis hypogaea* huitwa Ara h 1, Ara h 2 na kuendelea. Vilivyo muhimu zaidi ni hivi:

* Ara h 1: protini ya akiba yenye uzito wa takriban kilodaltoni 63. Molekuli zake hukaa tatutatu na hubeba minyororo ya sukari.
* Ara h 2: protini ndogo ya kundi la albumini za 2S, yenye kilodaltoni 17 hadi 19. Umbo lake hushikiliwa na madaraja manne ya salfa.
* Ara h 3: protini kubwa ya akiba ya takriban kilodaltoni 60, ambayo ndani ya mbegu hukatwa vipande viwili.
* Ara h 6: ndugu wa karibu wa Ara h 2, yenye kilodaltoni 15 na madaraja matano ya salfa.
* Ara h 8: protini inayofanana na kizio cha chavua ya mti wa betula unaoota katika nchi za baridi. Mara nyingi huleta mwasho wa mdomo tu.
* Ara h 9: protini ndogo inayobeba mafuta ndani ya mmea.

Ara h 2 na Ara h 6 ndizo zinazohusishwa zaidi na mizio mikali. Hazimeng'enywi kirahisi tumboni, na joto la kukaanga haliziharibu vya kutosha kuziondolea hatari.

Mzio wa karanga haupaswi kuchanganywa na sumukuvu. Sumukuvu ni sumu inayotolewa na kuvu wanaoota kwenye karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, nayo humdhuru mtu yeyote. Kizio ni sehemu ya karanga yenyewe, hata iwe safi kiasi gani, na humdhuru mwenye mzio peke yake.

## Jinsi mzio unavyotokea

Mwili wa mtu mwenye mzio hutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kizio. Kingamwili hizo hujishikiza juu ya seli masti zilizo katika ngozi, njia ya hewa na utumbo, na juu ya basofili zilizo katika damu. Mtu anapokula karanga tena, kizio hunasa kingamwili mbili au zaidi kwa pamoja na kuziunganisha. Hapo seli humwaga histamini na kemikali nyingine. Dalili zake ni vipele, kuvimba midomo, kutapika na kubanwa pumzi. Katika hali mbaya shinikizo la damu huporomoka. Hali hiyo huitwa anafilaksia, nayo inaweza kuua isipotibiwa haraka kwa sindano ya adrenalini.

Kuwa na IgE hakutoshi kusema kwamba mtu ana mzio. Kingamwili hizo zinatakiwa ziweze kuunganishwa na kizio kwa nguvu ya kuamsha seli. Mjini Manchester, Uingereza, utafiti wa watoto uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kati ya waliopatikana na dalili za kinga dhidi ya karanga kwa vipimo vya kawaida, chini ya mmoja kati ya wanne ndiye aliyekuwa na mzio wa kweli.

## Historia

Msingi wa mbinu hii uliwekwa mwaka 1973, wakati Herbert Boyer na Stanley Cohen wa Marekani walipofaulu kuunganisha vipande vya DNA na kuviingiza ndani ya *E. coli*. Mwaka 1978 wanasayansi walitumia bakteria huyo kutengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 insulini hiyo iliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa wa kisukari.

Upande wa vizio, jeni ya Der p 1, kizio cha utitiri wa vumbi la nyumbani, ilitengwa mwaka 1988. Mwaka 1989 ilifuata jeni ya Bet v 1 ya chavua ya betula. Vizio vya karanga vilichunguzwa hasa na kundi la Wesley Burks katika jimbo la Arkansas, Marekani. Jeni ya Ara h 1 ilielezwa mwaka 1995, ya Ara h 2 mwaka 1997 na ya Ara h 3 mwaka 1999.

Kabla ya hapo maabara zilitegemea dondoo, yaani unga wa karanga uliolowekwa katika maji yenye chumvi na kuchujwa. Dondoo ni mchanganyiko wa protini nyingi, na kiasi cha kila protini hubadilika kufuatana na aina ya mbegu, ukaangaji na uhifadhi. Kwa protini ya bakteria, kipimo cha leo na cha mwaka ujao vinaweza kutumia molekuli ileile kwa kiasi kilekile.

## Hatua za uzalishaji

Hatua hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, lakini kwa kawaida kazi huenda hivi:

1. Kuandaa jeni. Nakala ya jeni huandaliwa bila introni, kwa sababu bakteria hawezi kuziondoa. Sehemu ya mwanzo inayoelekeza protini ndani ya seli ya mmea pia huachwa. Mara nyingi jeni huandikwa upya kwa kodoni anazozipendelea *E. coli*, bila kubadili mfuatano wa asidi amino.
2. Kuiweka katika plasmidi. Plasmidi ni duara dogo la DNA linalojinakili ndani ya bakteria. Hubeba pia jeni ya kustahimili antibiotiki fulani, na mara nyingi mkia wa histidini sita huongezwa kwenye protini ili iwe rahisi kuisafisha.
3. Kuiingiza katika bakteria. Bakteria walioandaliwa kwa baridi hupewa mshtuko mfupi wa joto la nyuzi 42 za Selsiasi, nao humeza plasmidi. Kisha huoteshwa penye antibiotiki, na wasio na plasmidi hufa.
4. Kuwakuza na kuwaamsha. Bakteria hukuzwa katika mchuzi wa virutubisho kwa nyuzi 37. Wanapofikia wingi unaotakiwa, huongezwa kemikali iitwayo IPTG inayofungua jeni. Mara nyingi joto hushushwa hadi nyuzi 16 au 20 ili protini ijikunje taratibu.
5. Kuwapasua na kusafisha. Seli hupasuliwa, na kimiminika hupitishwa kwenye mnara wenye nikeli. Mkia wa histidini hushika nikeli, protini nyingine hupita, kisha protini inayotakiwa huachiliwa.
6. Kuhakiki. Uzito na mfuatano wa protini huthibitishwa. Umbo lake hulinganishwa na la protini iliyotolewa kwenye karanga halisi. Mwishowe hujaribiwa kama inanaswa na IgE ya watu waliothibitishwa kuwa na mzio, na kama inaamsha basofili.

Hatua ya sita ndiyo huamua. Protini inaweza kuwa na asidi amino zote sahihi na bado isifae kwa kipimo, kwa sababu IgE nyingi hutambua umbo la protini iliyojikunja, si mfuatano wake tu.

## Matatizo ya kiufundi

Tatizo la kwanza ni madaraja ya salfa. Ndani ya *E. coli* wa kawaida mazingira ya kikemikali hayaruhusu madaraja hayo kujengeka vizuri, na Ara h 2 bila madaraja yake huwa kama kamba iliyofunguka. Maabara hutumia aina za *E. coli* zilizobadilishwa ili ziweze kujenga madaraja hayo, au huunganisha kizio na protini nyingine inayosaidia ukunjaji.

La pili ni mabonge. Bakteria akitengeneza protini haraka mno, protini hugandamana na kuwa mabonge yasiyoyeyuka. Mabonge huyeyushwa kwa urea au guanidini nyingi, kisha kemikali hiyo hupunguzwa polepole ili protini ijikunje upya. Si kila mara umbo sahihi hurudi.

La tatu ni sumu ya ukuta wa bakteria, iitwayo endotoksini. Huamsha kinga kwa nguvu hata kwa kiasi kidogo sana, hivyo isipoondolewa inaweza kuharibu majaribio ya seli na kumdhuru mtu anayedungwa. Kwa sababu hizo, baadhi ya vizio hutengenezwa kwa hamira ya *Komagataella phaffii*. Hamira hiyo hujenga madaraja ya salfa vizuri zaidi, lakini nayo huweza kubandika sukari zake yenyewe juu ya protini.

## Sukari, kichocho na majibu ya vipimo

Mimea hubandika minyororo ya sukari juu ya protini zake nyingi. Minyororo hiyo huwa na viungo viwili ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi: ksilosi na aina fulani ya mbandiko wa fukosi. Viungo vya namna hiyo vipo pia kwa minyoo ya kichocho (*Schistosoma*). Mbandiko huo wa fukosi umo vilevile katika sumu ya nyuki. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya mnyoo au sumu ya nyuki zinaweza basi kunasa Ara h 1 ya karanga, au hata bromelaini ya nanasi, kwa sababu ya sukari peke yake. IgE za aina hii kwa kawaida huamsha seli kwa udhaifu mkubwa, au haziamshi kabisa.

Nchini Ghana, utafiti wa watoto wa shule wapatao 1,600 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta wengi wenye IgE dhidi ya karanga ambao hawakuwa na dalili za mzio. IgE hiyo iliendana na maambukizi ya *Schistosoma haematobium*, ilielekezwa zaidi kwenye sukari, na nguvu yake ya kuamsha basofili ilikuwa ndogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walionyesha kuwa kingamwili za sungura dhidi ya *Schistosoma mansoni* hunasa protini za karanga, ikiwemo Ara h 1, hasa kupitia sukari.

Afrika Mashariki suala hili limechunguzwa nchini Uganda. Watafiti wa Entebbe, katika kituo cha utafiti wa virusi cha Uganda na washirika wake wa Uingereza, waliendesha utafiti wa LaVIISWA kuhusu minyoo na mzio katika vijiji vya wavuvi vya visiwa vya Koome, Ziwa Viktoria. Mwaka 2019 walichapisha ulinganisho wa wakazi wa visiwa hivyo na wakazi wa mji wa Entebbe, wakitumia vipande vya kioo vilivyopangwa sukari za aina nyingi. Kingamwili dhidi ya sukari zenye ksilosi na fukosi zilihusiana na maambukizi ya *S. mansoni*.

Hapo ndipo upungufu wa *E. coli* unapogeuka kuwa faida. Kwa kuwa habandiki sukari hizo, Ara h 1 aliyoitengeneza haina kitu cha kunaswa na kingamwili za kichocho. Mtu mwenye IgE dhidi ya dondoo la karanga, lakini asiye na IgE dhidi ya Ara h 1, 2, 3 na 6 zisizo na sukari, ana uwezekano mdogo wa kuwa na mzio mkali. Mwenye IgE nyingi dhidi ya Ara h 2 anahitaji tahadhari hata kama hajawahi kupata shambulio kubwa. Katika hali ya shaka, uamuzi hufanywa kwa kumlisha karanga kidogokidogo hospitalini, mbele ya daktari mwenye dawa ya dharura. Jaribio hilo halifanywi nyumbani.

## Maana yake kwa wakulima na walaji wa Tanzania

Katika Tanzania karanga hulimwa mikoa mingi, na utafiti wa mbegu zake huongozwa na kituo cha TARI Naliendele mkoani Mtwara. Katika nyanda kame za kati, kama kata ya Mtinko katika Wilaya ya Singida Vijijini, karanga hulimwa pamoja na mtama, uwele na alizeti. Karanga zilizotwangwa huungwa kwenye mboga za majani na huchanganywa katika uji wa watoto. Kwa familia isiyopata nyama au maziwa kila siku, hicho ni chanzo cha protini na mafuta kisichohitaji fedha nyingi.

Kwa hiyo kosa la kipimo lina gharama pande zote mbili. Mtoto akiambiwa ana mzio ambao hana, ananyimwa chakula bora kilichopo shambani kwao, na jikoni hubadilika nyumba nzima. Mtoto mwenye mzio wa kweli akiambiwa yuko salama, kijiko kimoja cha uji kinaweza kumletea anafilaksia mbali na hospitali.

Matokeo ya Koome hayahamishiki Singida moja kwa moja, kwa kuwa nyanda kame si sawa na visiwa vya ziwani. Hata hivyo vyanzo vingine vya kingamwili za sukari vipo. Singida ni mkoa wa ufugaji nyuki, na warina asali huumwa mara nyingi. Daktari anayesoma jibu la IgE la mrina asali ana sababu ya kuuliza kama kipimo kilitumia dondoo au protini moja moja.

Alizeti, zao kuu la biashara la Singida, nayo ina albumini ya 2S inayojulikana kuwa kizio. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani hubaki na protini kidogo mno, ilhali yaliyokamuliwa bila kusafishwa yanaweza kubaki na masalia zaidi.

Kwa vyakula vilivyofungashwa, kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38 kuhusu lebo hutaka vyakula vinavyojulikana kuleta mzio, zikiwemo karanga, vitajwe. Unga wa karanga unaopimwa kwa kibaba sokoni hauna lebo, hivyo mwenye mzio hulazimika kumuuliza muuzaji.

## Majaribio ya tiba

Wanasayansi wamejaribu pia kutumia bakteria kutengeneza vizio vilivyopunguzwa makali. Asidi amino zinazonaswa na IgE hubadilishwa, ili protini ifundishe kinga bila kuamsha shambulio. Jaribio maarufu ni EMP-123, lililotumia *E. coli* waliouawa wakiwa na Ara h 1, 2 na 3 zilizobadilishwa ndani yao, na kuwekwa kwa njia ya haja kubwa. Kwa panya matokeo yalikuwa mazuri.

Matokeo kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2013. Kati ya wagonjwa 10 wa mzio wa karanga, watano hawakuweza kumaliza dozi kwa sababu ya madhara, na wawili kati yao walipata anafilaksia. Tukio hilo lilionyesha kuwa kubadilisha asidi amino chache hakutoshi kuondoa hatari. Dawa ya kumeza iliyoidhinishwa Marekani Januari 2020, Palforzia, haikutumia bakteria. Ni unga wa karanga halisi uliopimwa kwa uangalifu. Utafiti wa tiba kwa protini za bakteria umeendelea kwa njia nyingine, kama vile kubandika Ara h 2 juu ya chembe zinazofanana na virusi.

## Usalama na sheria

Bakteria wanaotumika ni aina za maabara zilizodhoofishwa, na kazi hufanyika ndani ya vyumba na vyombo maalumu. Protini iliyosafishwa haina bakteria hai, lakini bado ni kizio. Mfanyakazi mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika kwa vumbi lake kama kwa karanga yenyewe.

Kwamba kizio hubaki kizio kikihamishwa kwa jeni kulithibitishwa mwaka 1996. Soya iliyopewa jeni ya albumini ya 2S ya kokwa la Brazili ilinaswa na IgE ya watu wenye mzio wa kokwa hilo, na haikuingizwa sokoni. Mwaka 2003 tume ya Codex Alimentarius ilitoa miongozo ya kutathmini vyakula vinavyotokana na mimea na vijidudu vilivyobadilishwa jeni, ukiwemo uwezekano wa kuleta mzio.

Nchini Tanzania shughuli za viumbe vilivyobadilishwa jeni husimamiwa na kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya ina sheria yake ya usalama wa bioteknolojia ya mwaka 2009.

## Tazama pia

* Mzio
* Karanga
* Kichocho
* Kingamwili
* Plasmidi
* *Escherichia coli*
* Sumukuvu
* Mkoa wa Singida